Kompyuta Ndani ya Matofali ya Kuchezea

Katika Chuo Kikuu cha Stanford, California, kuna kitu kilichowekwa kwenye maonyesho ambacho mgeni asiyeelezwa angedhani kimesahauliwa hapo na mtoto wa profesa. Ni sanduku lililojengwa kwa matofali manene ya plastiki, ya aina ile ya Duplo wanayochezea watoto wadogo, rangi zikiwa zimechanganywa bila mpango. Tumboni mwake mna diski ngumu 10, kila moja ya GB 4. Mwaka 1996 Larry Page na Sergey Brin, wakiwa bado wanafunzi wa uzamivu, walihitaji nafasi ya kuhifadhi kurasa za mtandao ili waijaribu PageRank, mbinu yao ya kuupima uzito wa ukurasa kwa kuangalia kurasa nyingine zinazouelekezea viungo. Walitaka kabati la diski la bei nafuu, wakalijenga wenyewe. Novemba 1999 kampuni yao, Google, ilikipa chuo hifadhi nyingine badala ya ile, na sanduku likastaafu likawa kumbukumbu.

Tangu hapo, karibu kila anayetaka kujenga kasha la kompyuta kwa matofali ya kuchezea hulitaja sanduku hilo kama shahidi wake. Ukimhoji shahidi huyo vizuri, hasemi kile anachosingiziwa. Lile lilikuwa kasha la diski tu. Prosesa, RAM na madabodi vilikuwa kwenye mashine nyingine, ikiwamo ya Sun, zenye makasha yao ya kiwandani. Wala halikudumu: kufikia 1998, wawili hao walipochapisha makala ya kitaaluma kuhusu mtambo wao, kurasa milioni 24 walizokusanya zilikuwa na ukubwa wa GB 147.8, na hata baada ya kubanwa zilibaki GB 53.5. Diski 10 za GB 4 zisingezitosha.

Basi tuuache umaarufu wa wenye sanduku tuulize jambo lenyewe: kasha la kompyuta hufanya kazi gani hasa, na tofali la kuchezea linaziweza ngapi kati ya hizo? Jibu langu nalitanguliza. Linaziweza chache kuliko wapenzi wake wasemavyo, na zile linazoshindwa mara nyingi si zile ambazo wapinzani wake huzitaja kwanza. Ila kuna kazi moja ambayo linakiacha chuma mbali, nayo ndiyo iliyowafaa wale wanafunzi wawili.

Tuanze na vipimo, maana hapo ndipo penye utamu. Tofali la LEGO, kampuni ya Billund, Denmark, iliyoanzishwa na Ole Kirk Christiansen mwaka 1932, limesimama juu ya hesabu moja tangu hataza yake ilipoombwa Januari 28, 1958. Kutoka katikati ya kinundu kimoja cha juu hadi katikati ya kinachofuata ni milimita 8. Tofali la kawaida lina kimo cha milimita 9.6. Kibao chembamba, ambacho vitatu vikipandana hulingana na tofali moja, kina milimita 3.2. Kwa hiyo vibao vitano vikipandana hupata kimo cha milimita 16, sawasawa na upana wa vinundu viwili. Kompyuta kwa upande wake imelelewa Marekani, na Wamarekani hupima kwa inchi. Safu za pini kwenye madabodi zimeachana milimita 2.54, yaani sehemu ya kumi ya inchi. Nafasi za kadi nyuma ya kasha zimeachana milimita 20.32. Mifumo hii miwili haina undugu wowote, na mjenzi ndiye mshenga wa kuipatanisha.

Ajabu ni kwamba inapatana mara nyingi kuliko mtu angetarajia. Chukua feni ya milimita 80. Kwa upana ni vinundu 10 kamili, na kwa kimo ni vibao 25 kamili. Unaweza kuipachika ukutani kama dirisha, isibaki hata upenyo wa karatasi. Feni ya milimita 120, ambayo ndiyo mafundi wengi huipenda leo kwa sababu huzunguka polepole bila kelele, ina upana wa vinundu 15 kamili, ila kimo chake ni vibao 37 na nusu, na nusu kibao haiuzwi. Ukiiweka ukutani itacheza au haitaingia. Ilaze darini, ambako pande zote mbili zinahesabiwa kwa vinundu, nayo itakaa 15 kwa 15 kana kwamba ilitengenezewa hapo. Kwa kuwa hewa ya moto hupanda juu, dari si mahali pabaya hata kidogo.

Dirisha la nyuma, lile la matundu ya waya za kioo, USB na mtandao, lina vipimo vya kawaida vya milimita 158.75 kwa 44.45. Tundu la vinundu 20 kwa vibao 14 hutoa milimita 160 kwa 44.8: pengo la zaidi kidogo ya milimita moja upande mmoja na theluthi ya milimita upande mwingine. Kwa bati la kuziba hapo, pengo hilo linavumilika. Madabodi ndogo ya Mini-ITX, umbo lililobuniwa na VIA Technologies mwaka 2001, ina milimita 170 kila upande, yaani vinundu 21 na robo. Unaiachia 22, inabaki na nafasi ya kupumua ya milimita 6. Shida yake ni matundu ya skrubu, ambayo yamepangwa kwa inchi. Hapo hakuna hesabu itakayokuokoa. Ama utoboe vibao kwa drili mahali panapostahili, ama uibane madabodi kingoni kwa vibao vinavyochomoza. Mimi ningetoboa. Madabodi iliyobanwa kingoni hupinda kila unapochomeka waya kwa nguvu, na viungo vya lehemu havipendi kupindwa.

Kadi za nyongeza ni mtihani mwingine. Nafasi mbili za kadi ni milimita 40.64, na vinundu vitano ni 40. Tofauti hiyo unaweza kuimeza. Kadri nafasi zinavyoongezeka ndivyo mistari miwili inavyoachana, na mwenye kadi tatu atajikuta anakata plastiki kwa msumeno, jambo ambalo kwa mpenzi wa matofali ni kufuru.

Hesabu hizi zote zinadai jambo moja: tofali liwe la kipimo kweli. Kwenye ukuta wa vinundu 28, kosa la milimita 0.05 tu kwa kila kinundu likijumlishwa linafika milimita 1.4, na feni iliyokuwa iingie sawasawa itagoma. Matofali ya kampuni nyingine ni halali. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua Septemba 2010 kwamba umbo la tofali la LEGO haliwezi kulindwa kama alama ya biashara, kwa kuwa umbo hilo ni suluhisho la kiufundi. Lakini uhalali hauna uhusiano na usahihi wa vipimo. Yako ya bei rahisi yanayobana vizuri, na yako yanayolegea au kukaza mno, wakati mwingine ndani ya mfuko mmoja.

Joto ndilo pingamizi linalotajwa kwanza, nalo naliona dogo kuliko sifa yake. Watu huwaza plastiki inayeyuka. Plastiki ya matofali haya, ambayo tangu 1963 ni ABS, huanza kulegea kwenye nyuzi 100 hivi za Selsiasi. Prosesa inaweza kukaribia hapo kwenye kiini chake, ila hewa inayozunguka ndani ya kasha lenye feni inayofanya kazi haifiki mbali hivyo. Pingamizi la pili ni kwamba chuma hupitisha joto na plastiki hulizuia. Ni kweli, na haileti tofauti kubwa. Kwa kukadiria, kasha dogo la chuma likiwa na joto la nyuzi 10 zaidi kuliko chumba hutoa kupitia kuta zake wati 12 hivi. La matofali hutoa kama 7. Kazi halisi hufanywa na hewa inayosukumwa. Mashine ya wati 100 inahitaji lita 8 hivi za hewa kila sekunde ili hewa itoke ikiwa moto kwa nyuzi 10 tu kuliko ilivyoingia, na feni moja nzuri inaiweza kazi hiyo endapo matundu ya kuingizia hewa hayajasahauliwa. Tatizo la anayejenga Mombasa au Dar es Salaam ni kwamba hewa yake huingia tayari ikiwa na nyuzi 32. Hilo halina uhusiano na matofali. Hata chuma kitamwambia vivyo hivyo.

Diski ngumu za kuzunguka ndizo za kuhurumia. Hizo huzoea kukazwa kwa skrubu kwenye bati, na bati hilo huzisaidia kupoa na kutulia. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika hutetemeka mara 120 kwa sekunde, na kuta za vipande mamia vilivyoshikana kwa msuguano tu zinaweza kuitikia mtetemo huo kwa mlio. Zipitishie upepo, ziachanishe, na chini yake weka mpira laini.

Umeme ni habari nyingine, na hapa ndipo wapenzi wa matofali hupita haraka mno. Kasha la chuma limeungwa na waya wa athi kupitia pawa saplai. Waya wenye moto ukichomoka na kugusa bati, umeme hukimbilia ardhini na fyuzi hukatika. Tofali ni kihami: halikurushi, ila pia haliupeleki umeme uliotoroka popote. Kama kuna skrubu ya chuma au kitufe cha chuma kinachopenya ukuta huo, kinaweza kubaki na umeme kikiusubiri mkono. Kuna wajenzi ambao, ili wapate nafasi, huitoa pawa saplai kwenye sanduku lake la bati na kuilaza uchi kati ya matofali. Hao hawapaswi kuigwa. Ndani ya pawa saplai mna kapasita zinazobeba zaidi ya volti 300 na ambazo zinaweza kubaki na chaji baada ya plagi kuchomolewa. Sanduku lile la bati lina kazi, na kazi yake haiwezi kurithiwa na plastiki ya rangi.

Umeme tuli ni tishio dogo zaidi lakini lenye hila. Kusugua na kupachika vipande vya ABS huzalisha chaji. Cheche ambayo mtu huihisi kidoleni huanzia takriban volti 3,000, na vijenzi vya elektroniki vinaweza kuumia kwa kiasi kidogo sana kuliko hicho, bila mtu kuhisi lolote. Kwenye unyevu wa pwani chaji hupotea upesi. Kwenye nyanda kavu wakati wa kiangazi hukaa. Dawa ni kumaliza kuta kwanza na kuingiza madabodi mwisho, ukiwa umegusa chuma chenye athi. Wengi hufanya kinyume, kwa sababu ni raha kuona kuta zikipanda kuizunguka mashine.

Kuhusu mawimbi, wahandisi hulalamika kwamba bila bati kompyuta humwaga kelele za redio. Wana haki yao. Kasha la chuma hufunika mashine kama ngome na kuzuia mawimbi kutoka. Hata hivyo makasha ya wacheza gemu siku hizi huuzwa yakiwa na ubavu mzima wa kioo, na sijaona majirani wakiandamana. Redio iliyo mezani hapohapo inaweza kukoroma. Isogeze.

Moto ndio pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote. ABS ya kawaida huwaka, hudondosha matone ya moto, na hutoa moshi mzito mweusi. Plastiki zinazokusudiwa kufunika vifaa vya umeme huchanganywa dawa za kuzuia mwako na kupimwa kwa viwango maalumu ili zijizime zenyewe. Tofali la kuchezea halikutengenezwa kwa shabaha hiyo. Kompyuta hazishiki moto kila siku, lakini kasha ni ukuta wa mwisho siku hiyo ikifika, na kwa kasha hili ukuta wenyewe ni kuni. Mashine ya namna hiyo haiachwi ikifanya kazi usiku kucha karibu na mapazia.

Juu ya uimara kuna takwimu inayopendwa. Mwaka 2012, katika maabara ya Open University ya Uingereza, tofali la vinundu vinne lilibanwa hadi likalegea, na lilivumilia nguvu ya nyutoni 4,240 hivi, sawa na uzito wa kilo 432. Ni takwimu tamu isiyo na msaada. Hakuna kompyuta itakayolikandamiza tofali kiasi hicho. Diski 10 zote pamoja huwa na kilo 6 au 7. Tofali halivunjiki kwa kubanwa, hushindwa kwa kuvutwa. Beba kasha kwa kushika dari na utabaki na dari mkononi. Fundi mwashi analijua hili: hupishanisha viungo ili tabaka moja lifunge jingine, na hatarajii saruji kubeba mvuto. Mjenzi wa matofali ya plastiki anapaswa kufuata utaratibu huohuo wa mwashi, kisha apitishe vibao virefu pembeni, na mzigo mzito, hasa kadi ya picha inayoning'inia, aupe nguzo yake ya chini. Joto na uzito wa muda mrefu hulegeza mshiko pole pole. Sanamu kubwa za matofali kwenye bustani za Legoland huunganishwa kwa gundi, zikiwa na mifupa ya chuma ndani. Hata wenye tofali lao wanajua mipaka yake.

Na bei? Chukulia kasha la Mini-ITX lenye nafasi ya ndani ya vinundu 24 kwa 24 na kuta za unene wa vinundu viwili. Kila tabaka linameza matofali 26 ya vinundu nane. Kimo cha sentimita 20 ni matabaka 21, yaani matofali 546. Ongeza sakafu na dari, 98 kila moja, unafika 742 kabla ya kuacha matundu. Wakusanyaji wa Marekani hukadiria senti 10 kwa kipande, kwa hiyo ni zaidi ya dola 70 kwa kilo 1.7 za plastiki. Kwa fedha hizo mtu hupata kasha zuri la chuma na chenji. Anayesema anajenga kwa matofali ili kubana matumizi, ama ana ndoo ya matofali iliyoachwa na watoto waliokua, ama anajidanganya.

Kama shabaha ni unafuu, kuna walioitatua vizuri zaidi. Mwaka 2011 kulizuka Ufaransa wazo la Jerry, kompyuta inayojengwa kwa vipuri vilivyotumika ndani ya dumu la lita 20, na wazo hilo likapata wafuasi Afrika Magharibi, ikiwamo Togo. Dumu linapatikana kila mtaa, ni jepesi, lina mkono wa kubebea, na linakatwa kwa kisu. Nalo ni plastiki inayowaka na isiyo na athi, kwa hiyo mashtaka ya moto na umeme linayo. Lakini kwa bei, tofali haliwezi kusimama nalo.

Basi tofali lina nini? Lina uwezo wa kutoamua. Chuma kikishakatwa kimekatwa; dumu likishatobolewa limetobolewa. Tofali hukuruhusu kuongeza diski mbili Jumatatu, kuhamisha feni Jumanne, na kubomoa ukuta Jumatano kwa sababu waya haufiki, bila kupoteza kitu. Kwa mashine ambayo mwenyewe bado hajajua itakuwa na umbo gani, hakuna kifaa kingine cha nyumbani kinachokaribia hapo. Page na Brin walikuwa katika hali hiyo hasa. Hawakujua wangehitaji diski ngapi. Walipokwisha kujua, matofali yalitoka. Kufikia 1999 seva za Google zilikuwa sinia za chuma zenye madabodi nne kila moja, zikitenganishwa na chuma kwa tabaka la lile gome linalotengenezewa vizibo vya chupa, bila kasha lolote. Umbo lilikuwa limejulikana, na lilikuwa la kurudiwa mamia ya mara.

Mfano mzuri kuliko Stanford, kwa maoni yangu, uko Southampton, Uingereza. Septemba 2012, miezi michache baada ya kompyuta ndogo ya Raspberry Pi kuanza kuuzwa kwa dola 35, Profesa Simon Cox na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southampton waliunganisha Raspberry Pi 64 zifanye kazi kama mtambo mmoja, wakauita Iridis-Pi. Rafu zake zilijengwa kwa LEGO, na mtoto wa profesa, wa miaka 6, alishiriki kuzijenga. Kila Raspberry Pi ilikuwa na kadi ya kumbukumbu ya GB 16, jumla TB 1. Gharama, bila kuhesabu swichi za mtandao, haikufika pauni 2,500, na mtambo wote ulichota umeme kwenye soketi moja ya ukutani.

Angalia jinsi mashtaka yanavyoanguka moja baada ya jingine hapa. Raspberry Pi hutumia volti 5, kwa hiyo hakuna umeme wa kuua ndani ya matofali. Umeme mkubwa umebaki kwenye chaja. Ile ya mwanzo ilikula wati 3.5 hivi, joto ambalo rafu iliyo wazi hulipoza bila shida. Haina kadi ya picha ya kuning'inia. Upana wake ni milimita 56, yaani vinundu 7 kamili. Na lengo lilikuwa kufundisha, ambako kubomoa na kujenga upya ni somo lenyewe.

Mpaka basi unaweza kuchorwa bila kuzungushana. Kundi la Raspberry Pi, au diski za hali mango zisizozunguka zinazopewa umeme na chaja ya nje: jenga, na ukichoka na umbo hilo bomoa ujenge tena. Mini-ITX ya wati chini ya 100 yenye pawa saplai ndani ya bati lake, au bora nje kabisa ya kasha: inawezekana, kwa masharti ya feni ya darini, vibao vilivyotobolewa na mtu kuwapo nyumbani inapofanya kazi. Mwenye kadi ya picha ya wati 300 aende dukani akanunue chuma.